Umetoka Tecno umeingia Samsung? Mwongozo kamili wa kuhama bila kupoteza namba, picha wala meseji za pesa

Dada yangu anauza vitenge Kariakoo, mtaa wa Kongo, na miaka minne yote alikua anatumia Tecno Spark. Siku aliponunua Samsung Galaxy A15 alifurahi kweli, siku ya tatu akanipigia anataka kuirudisha dukani. Anasema simu mbaya, kila akitaka kurudi nyuma inamletea mambo mengine, meseji za wateja za WhatsApp zinaingia zote kwa mkupuo akishaifungua, afu meseji za M-Pesa za miezi yote hazipo na kuna mteja anabisha kwamba alishalipa. Nikaenda jioni nikakaa nae. Simu ilikua nzima kabisa. Kilichotokea ni kwamba alihamisha laini tu, akadhani amehama.

Tangu hapo nimehamisha ndugu na majirani wengi, na mimi mwenyewe nimehama, kwa hiyo naandika yote hapa kwa mpangilio ili mtu akae nayo taratibu. Natumia mfano wa Tecno kwenda Samsung mana ndo njia naiona sana mtaani. Ukitoka Infinix au itel mambo ni karibu yale yale, hizo tatu zote ni za kampuni moja ya Kichina, Transsion ya Shenzhen. Na hata ukitoka Redmi au Oppo hatua ni hizi hizi, yanabadilika majina ya menyu tu. Zote ndani ni Android ya Google, kinachotofautiana ni koti la juu: Tecno wanaliita HiOS, Infinix XOS, Samsung One UI. Ndo mana vitu vyako vinaweza kuhama vikiwa vizima.

Jambo moja lishike kabla ya yote: usiuze wala kumpa mtu simu ya zamani siku uliyonunua mpya. Kaa nazo mbili, angalau wiki mbili. Najua hela ya kuongezea inatoka kwenye kuuza ile ya zamani, na mafundi wengi wanakuambia "acha hii nikupunguzie", lakini kila mtu niliyemuona analia amepoteza kitu, alilia kwa sababu simu ya zamani ilishaondoka.

KABLA HUJALIPA

Angalia kitoleo cha laini kwanza. Hili watu hawaambiwi. Tecno Spark nyingi zina nafasi tatu, laini mbili na memori kadi na nafasi yake pembeni. A15 ina nafasi mbili tu, ile ya pili unachagua mwenyewe, ama laini ya pili ama memori kadi. Sasa bongo hapa nani ana laini moja? Dada ana Voda ya biashara na Airtel ya nyumbani na memori kadi ya GB 32 imejaa picha za vitenge, akafika nyumbani akakuta haviingii vyote. Kama wewe ni wa laini mbili, nunua yenye ujazo mkubwa ndani, GB 128 kwenda juu, afu vya kwenye memori kadi uvihamishie ndani ya simu. Mwambie muuzaji akufungulie kitoleo ukione kwa macho, usikubali maneno.

Tundu la earphone: A15 inalo, A16 iliyokuja baada yake haina, kwa hiyo jina kupanda namba haimaanishi kila kitu kimeongezeka. Redio ya FM: Tecno nyingi zinayo, Samsung nyingi hazina, na kama mzee wako anasikiliza mpira na taarifa ya habari kwenye redio ya simu muulize kwanza kabla hujamnunulia. Taa ya mbele ya selfi: Tecno Spark wanaweka, Samsung inatumia mwanga wa skrini yenyewe.

Chaja. Boksi la Samsung siku hizi mara nyingi lina waya tu, kichwa hamna. Chaja yako ya Tecno itachaji lakini polepole, mana A15 inachaji haraka mpaka wati 25 ila inataka kichwa cha aina ya PD, kile chenye tundu la Type-C na siyo tundu kubwa la zamani. Weka hela ya chaja kwenye bajeti kabisa. Na usichukue ya elfu tatu barabarani, umenunua simu ya laki kadhaa halafu unaiweka kwenye chaja ambayo hata jina haina.

Halafu uhalali. Bonyeza *#06# itokee namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, linganisha na iliyoandikwa kwenye boksi, zikitofautiana ondoka. Kwa Tanzania unaituma hiyo IMEI kwa meseji kwenda 15090 inakurudishia aina ya simu, wakikuambia ni simu ya aina nyingine kabisa na wewe umeshika Samsung basi hapo kuna kitu. Tusisahau Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walipozima simu feki watu wakabaki na matofali mkononi. Na kama unanunua iliyotumika, hakikisha inafutwa na kuwashwa upya mbele yako mpaka ifike skrini ya nyumbani bila kudai akaunti ya mtu. Simu za mkopo nazo zipo nyingi mtaani, mtu anachukua kwa kulipa kidogo kidogo kila siku afu anaiuza, akiacha kulipa inajifunga ikiwa kwako, na hakuna fundi wa uchochoroni atakayekufungulia kihalali. Bei ikiwa ya chini sana jiulize kwa nini.

SIKU MOJA KABLA, KWENYE SIMU YA ZAMANI

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, usiruke.

Kwanza kabisa akaunti ya Google. Nenda setingi, tafuta palipoandikwa Google, tazama ni email gani imeandikwa pale juu. Watu wengi sana email hiyo walifunguliwa na kijana wa duka siku walipouziwa simu, paswedi hawaijui na hawajawahi kuijua, na namba ya kurudishia akaunti ni ya huyo kijana. Hii ni hatari na ndo wakati wa kuirekebisha, mana simu ya zamani bado imeingia ndani ya hiyo akaunti. Ingia kwenye kusimamia akaunti, sehemu ya usalama, weka namba yako mwenyewe ya simu ya kurudishia, afu badilisha paswedi. Mara nyingi itakuomba uthibitishe kwa lile pattern au PIN ya skrini, au kwa meseji. Paswedi mpya iandike kwenye daftari lililo nyumbani, daftari la karatasi kabisa, siyo kwenye simu hiyo hiyo unayoihama.

Pili, majina. Fungua kitabu cha majina uangalie yamehifadhiwa wapi, mana kuna sehemu tatu: kwenye laini, kwenye simu, na kwenye Google. Utakuta yamegawanyika, mengine huku mengine kule, kulingana na siku ile ulibonyeza nini wakati wa kusevu. Laini nyingi zinabeba majina kama 250 tu na zinakata majina marefu, ndo mana "Mama Zuhura Mwananyamala" anabaki "Mama Zuhura Mw". Yahamishie yote Google. Kwenye menyu ya majina kuna sehemu ya kuagiza na kutoa, unayatoa yote kama faili moja linaloishia na .vcf afu unaliagiza liingie kwenye akaunti ya Google, na hilo faili lenyewe jitumie kwenye email liwe akiba. Dakika kumi, na maisha yako yote yaliyobaki hutapiga tena mtu "naomba nitumie namba yako nimebadili simu".

Tatu, vitu ulivyovificha. Simu nyingi zina sehemu ya siri unaweka picha na video kwa paswedi. Vitu vilivyo humo HAVIHAMI vyenyewe, kwa sababu vimefungwa na simu hiyo. Nimepoteza picha za bibi yangu mzaa mama namna hii, za mwisho alizopiga akiwa na afya, nilizificha ili watoto wasizifute kwa bahati mbaya, nikahama nikauza simu, wiki ya tatu nazitafuta hazipo popote. Mpaka leo inaniuma. Vitoe vyote nje vikae kwenye galari ya kawaida, vihame, afu ukavifiche upya huko.

Nne, sasisha WhatsApp iwe toleo jipya, chaji simu zote mbili zivuke nusu, na tafuta Wi-Fi au bando la kutosha. Kuhamisha vitu kutoka simu kwenda simu hakuli bando, ila kupakua app zote upya kwenye simu mpya kunakula vizuri tu.

SIKU YA KUHAMA

Washa Samsung, chagua lugha, unganisha Wi-Fi, ingia na ile akaunti ya Google uliyoikomboa jana. Itakuuliza kama unataka kuleta vitu kutoka simu ya zamani, kubali. Samsung wana programu yao inaitwa Smart Switch, kwenye Samsung ipo tayari, kwenye Tecno unaipakua Play Store. Ukiwa na waya wa Type-C pande zote mbili tumia waya ni haraka na haikatiki, ukiwa huna tumia njia ya bila waya uweke simu karibu karibu. Kwenye Tecno chagua kutuma, kwenye Samsung chagua kupokea, kila itakapoomba ruhusa ya majina, meseji, mafaili, ruhusu. Afu inakupa orodha uchague nini kije. Chagua majina, meseji, simu zilizopigwa, picha, video, miziki, nyaraka. App nazo weka tiki ila elewa kwamba nyingi zitakuja tupu inabidi uingie upya. Bonyeza ianze, weka simu chini, usicheze nazo. Picha zikiwa nyingi ni saa nzima au zaidi, nenda kapike.

Kama ulishaanza kutumia Samsung bila kufanya haya, kama dada, hujachelewa. Nenda setingi, sehemu ya akaunti na bakapu (nakala ya akiba), utaona pa kuleta data kutoka kifaa cha zamani. Inaongeza juu ya vilivyopo haifuti. Majina yanaweza kujirudia mara mbili mbili, kwenye app ya majina kuna pa kuyaunganisha.

Itakuomba pia ufungue akaunti ya Samsung. Siyo lazima simu kufanya kazi, lakini fungua, kwa email yako na paswedi yako, mana inasaidia kuitafuta simu ikipotea au ikiibiwa. Kile ninachosema ni soma kabla ya kukubali. Katikati ya kuwasha kuna viboksi vya kukubali kutumiwa matangazo na kupendekezewa app, hivyo ni hiari, acha wazi. Mtu akibonyeza "kubali vyote" afu baadae analalamika simu inamletea matangazo na app za ajabu, chanzo ni pale.

Ukimaliza fungua meseji uhakikishe. Tafuta "M-PESA" kwenye meseji, shuka mpaka ya zamani kabisa, linganisha tarehe na kwenye Tecno. Hili kwa mfanyabiashara siyo jambo dogo, ile meseji ndo risiti yake. Kwa dada tulipozileta, meseji ya yule mteja aliyebisha ilionekana na namba yake ya muamala na muda, ikawa imeisha pale pale, mteja alilipa kweli, dada akamuomba radhi akampa kitenge chake.

Miziki ya Boomplay uliyopakua ndani ya app haihami kama faili, utaingia kwenye akaunti yako upakue tena. Vile vile video za kuangalia bila bando kwenye YouTube.

WHATSAPP

Smart Switch usiitegemee kwa WhatsApp, tumia njia ya WhatsApp wenyewe. Ziko mbili.

Ya kwanza ni ya moja kwa moja. Kwenye simu ya zamani fungua WhatsApp, setingi, sehemu ya chati, utaona pa kuhamisha chati, bonyeza anza. Kwenye simu mpya weka WhatsApp, andika namba, thibitisha kwa zile tarakimu 6 zinazokuja kwa meseji, afu itakuuliza kama unataka kuhamisha kutoka simu ya zamani. Kubali, itakuonyesha QR, iskani kwa simu ya zamani. Wi-Fi iwe imewashwa kwenye zote mbili hata kama hamna intaneti. Zinahama chati, picha, sauti, kila kitu, na haiguswi Google.

Ya pili ni bakapu ya Google Drive. Kwenye simu ya zamani bakapu sasa hivi, subiri imalize kabisa asilimia 100, afu kwenye mpya baada ya kuthibitisha namba itakuuliza kurejesha. Bonyeza kurejesha, USIRUKE, ukiruka umeanza upya. Tangu mwaka 2024 bakapu ya WhatsApp inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za Google pamoja na Gmail na picha zako, kwa hiyo zikijaa bakapu inagoma kimya kimya na wewe unadhani ipo. Toa video kwenye bakapu, itatosha. Na kama uliweka bakapu yenye paswedi yake basi hiyo paswedi uijue, ukiisahau hata WhatsApp hawawezi kukufungulia.

Wenye GB WhatsApp: hizo siyo WhatsApp rasmi, njia hizi mbili hazikuhusu na namba yako inaweza kufungiwa. Tumia huu uhamisho kama nafasi ya kurudi kwenye ile rasmi. Kama ulikua unaipendea namba mbili kwenye simu moja, tangu mwishoni mwa 2023 WhatsApp ya kawaida inaruhusu akaunti mbili ndani ya app moja.

Zile tarakimu 6 usimpe mtu yeyote. Hata fundi anayekusaidia, andika mwenyewe.

PESA NA BENKI

Menyu za kubonyeza zinakaa kwenye laini, kwa hiyo ukiweka laini tu *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money au *150*01# ya Mixx (zamani Tigo Pesa) inafanya kazi hapo hapo, kwa PIN ile ile. Walioko Kenya *334# vile vile. Kuhamisha laini kwenye simu nyingine hakuhitaji kusajili upya, wala NIDA, wala alama ya kidole. Mtu akikupigia anasema "umebadili simu tunataka kuhakiki laini yako, soma namba tuliyokutumia", kata simu.

App ndo zina mambo. App nyingi za pesa wakati wa kuingia mara ya kwanza zinataka utumie data ya laini yenyewe, kwa hiyo zima Wi-Fi, na kama una laini mbili hakikisha data imewashwa kwenye ile ile yenye namba hiyo. App ya benki mara nyingi imefungamana na simu moja, ukijaribu mpya inakuambia umesajiliwa kwenye kifaa kingine. Ingia kwenye ya zamani ukiondoe hicho kifaa, au piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya benki. Hii fanya siku ya kazi asubuhi, siyo Jumamosi jioni ukiwa unatakiwa kulipa mzigo Jumapili. Kama unatumia Google Authenticator, ile app inayokupa namba za siri za kuingilia akaunti, kuna pa kuhamisha akaunti kwa QR, na inataka simu ya zamani iwepo mkononi. Unaona kwa nini nasema usiuze?

VIDOLE VINAHITAJI MUDA

Sasa hii ndo sehemu inayowafanya watu waichukie simu. Kwenye Samsung kitufe cha kurudi kinakaa kulia na kile cha kuonyesha app zilizofunguliwa kinakaa kushoto. Kwa Tecno ya dada ilikua kinyume. Miaka minne kidole gumba kimezoea kushoto, kinaenda chenyewe, ndo mana alikua anaona simu inamletea "mambo mengine". Nenda setingi, palipoandikwa Display, shuka mpaka Navigation bar, kuna kubadilisha mpangilio wa vitufe. Dakika moja. Dada alinitazama hivi, siku tatu za hasira kumbe ni kitu hicho.

Kitufe cha pembeni ukikishika muda mrefu hakizimi simu, kinafungua msaidizi wa kuongea. Kubadilisha nenda Advanced features, Side button, weka kuzima. Au shusha lile pazia la juu mara mbili utaona alama ya kuzimia. Screenshot ya vidole vitatu ya Tecno haipo, tumia kitufe cha pembeni na cha kupunguza sauti kwa pamoja, au pitisha ubavu wa kiganja juu ya skrini.

Kibodi. Kibodi ya Samsung ikiwa kwa Kiingereza itakusahihishia Kiswahili chako mpaka uone aibu, umeandika "nakuja" inaweka neno la ajabu na umeshatuma kwa bosi. Weka Gboard kutoka Play Store, ongeza Kiswahili kwenye lugha zake, ifanye ndo kibodi kuu. Baada ya siku chache inajifunza majina ya ndugu na mitaa yako.

Kamera: simu aliyotoka nayo dada ilikua inalainisha na kung'arisha uso, ya sasa haifanyi hivyo kwa kiasi kile, kwa hiyo picha za mwanzo unaweza kuona "haitoi vizuri". Fungua kamera ukague vichujio vya uso uweke unavyopenda, na kwa biashara ya nguo mimi nakushauri uache bila, mteja aone rangi halisi ya kitenge asije kukurudishia mzigo.

MESEJI ZINACHELEWA NA BETRI

Kila koti la Android lina namna yake ya kulaza app ili betri idumu. Samsung inalaza zile usizozigusa siku kadhaa. Kama WhatsApp ya biashara haikuletei taarifa mpaka uifungue, nenda setingi, betri, sehemu ya mipaka ya matumizi ya nyuma, utaona orodha tatu: zinazolala, zinazolala usingizi mzito, na zisizolala kamwe. WhatsApp, app ya benki, email ya kazi, ziweke kwenye zisizolala. Usiweke kila kitu, weka tatu nne za riziki yako tu. Afu angalia pia kama ulibonyeza "usiruhusu" pale app ilipoomba ruhusa ya taarifa, wengi wanabonyeza bila kusoma.

Siku tatu nne za mwanzo betri itaisha haraka, simu inapakua, inapanga picha, inasasisha. Usihukumu betri kabla ya wiki. Kuna pia pa kulinda betri isijae zaidi ya asilimia 80, kwa anayeshinda karibu na umeme ni nzuri, kwa mtu wa safari za Tunduma usiku kucha acha ijae.

App za kusafisha simu na kuongeza kasi usiziweke, setingi ya Samsung ina sehemu yake ya kutunza kifaa inatosha.

WIKI MBILI ZIMEPITA, SIMU YA ZAMANI IONDOKE

Katika hizo wiki mbili kila ukikosa kitu unaandika kwenye karatasi: nyimbo za kanisani, rekodi ya sauti, alamu ya dawa ya mama, noti za madeni. Siku ya mwisho unavitoa vyote. Toa laini, toa memori kadi. Afu nenda setingi, akaunti, ondoa akaunti ya Google kabisa, mana Android tangu toleo la 5.1 inalinda simu iliyofutwa vibaya, ukiifuta kwa vitufe vya pembeni bila kuondoa akaunti basi atakayeinunua itamdai email yako na atakurudia usiku. Baada ya hapo futa kila kitu kwa kupitia setingi, subiri iwake ikiwa mpya, hakikisha hamna kitu chako.

Tecno ya dada hatukuiuza. Tuliisafisha, tukairudishia laini ya Voda ya biashara, anayo kijana wake wa dukani anapokelea oda na malipo. Samsung ikabaki na Airtel na ile memori kadi ya picha za vitenge, zote zimeenea.